Mkitaka kujua hali ya vizimba vyetu, njooni saa kumi na moja alfajiri

Kwenu wakuu mnaosimamia ufugaji wa samaki Ziwa Victoria: mlio wizarani, mlio kwenye mazingira, mlio kwenye maji ya bonde na mlio kwenye halmashauri zetu.

YAH: UKAGUZI WA VIZIMBA VYA SAMAKI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua za namna hii nimewaandikia wakubwa nyingi kwa niaba ya kikundi, na hata moja haijawahi kufika kwenye jambo lenyewe kabla ya aya ya tatu. Leo naanza nalo: ukaguzi mnaotufanyia haugusi maji. Mnakagua karatasi, na sisi tumeshakuwa hodari wa kuandaa karatasi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa sato, Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Tuko kumi na wanne, wanawake tisa. Kabla ya vizimba nilikuwa nanunua dagaa mwaloni alfajiri na kuwaanika kwenye vichanja, kwa hiyo ziwa nimelijua kwanza kwa kile linachotoa, kabla sijaanza kuhangaika na kile tunachokitupia ndani yake. Vizimba tulikuwa navyo sita, vya mraba, mita sita kwa sita, vyuma vimefungwa juu ya mapipa ya plastiki. Viwili kati ya hivyo havikuwemo kwenye kibali. Nalisema mapema ili msije mkadhani anayewaandikia ni malaika.

Ukaguzi wa mwisho nilioushuhudia ulikuwa hivi. Tulipigiwa simu siku mbili kabla, kutoka ofisi moja ambayo sitaitaja kwa sababu zile nyingine nazo hufanya vilevile. Mpigaji hakuuliza habari za samaki. Aliuliza kama boti yetu ni nzima na kama tutaweza kuweka mafuta, maana gari lao lingewafikisha mwaloni tu. Tukachanga. Wakaja watu watatu saa nne na nusu asubuhi, jua limeshapanda, ziwa limetulia. Wakavaa jaketi okozi, wakapiga picha kizimba namba moja, ambacho ndicho kipya. Mmoja akachovya kipimajoto, akasoma 26. Kisha tukarudi nchi kavu, wakaomba faili: kibali, cheti cha mazingira, risiti za vifaranga, daftari la vipimo vya maji. Kila kilichoombwa kikawepo, na kila kilichokuwepo kikapigwa alama ya vema. Tukawakaangia sato wawili, maana mgeni ni mgeni. Ilipofika saa saba gari lilikuwa limeshapanda kilima.

Naomba tulitazame lile daftari kwa karibu, kwa sababu ni mimi niliyeliandika. Ni kaunta buku la kwaya tatu. Lina safu za tarehe, joto la maji, uwazi wa maji, chakula kilicholiwa na samaki waliokufa. Miezi mitatu yote imeandikwa kwa kalamu moja ya bluu, mwandiko mmoja, hakuna mahali palipofutwa, hakuna tone la maji, hakuna doa. Joto: 26, 26, 26, 25, 26. Waliokufa: 2, 0, 1, 2, 0. Niliyaandika yote usiku mmoja, watoto wamelala, baada ya ile simu ya mafuta. Daftari la kweli ni la kijana wetu wa zamu. Lile lina magamba ya samaki yamekauka katikati ya kurasa, lina siku tatu tupu kwa sababu mvua ilimnyeshea, na pembeni ya tarehe moja ameandika tu: "maji yananuka". Hilo hatukuwaonyesha. Mkaguzi alifungua langu, akapitisha kidole kwenye safu, akasema tunafanya kazi nzuri.

Sijivunii. Ila mtu aliyekaa ziwani hata mwezi mmoja anajua daftari la ziwani haliwezi kuwa safi vile. Usafi wake ulikuwa ndio ushahidi, na hakuna aliyeuona.

Wiki tatu baadaye simu yangu ililia saa kumi usiku. "Shikamoo mama katibu. Samaki wamekuja juu wote. Wanahema." Nilipofika mwaloni wenzangu wawili walikuwa wameshaingia botini. Tulimulika kwa tochi za simu. Vinywa vilikuwa juu ya maji, mamia kwa mamia, vinafunguka na kufunga, na sauti yake ilikuwa kama mvua ndogo inayonyesha kutoka chini kwenda juu. Mashine ya kutia hewa hatuna. Tulichoweza ni kuizungusha boti huku na huku injini ikikoroga maji, tukijua kabisa ni kujifariji. Jua lilipochomoza, kizimba cha tano na cha sita, vile viwili visivyo kwenye kibali, ambavyo tuliviweka karibu na nchi kavu ili iwe rahisi kuvilinda dhidi ya wezi na fisi maji, vilikuwa vyeupe kwa matumbo. Tulipima kwa mizani ya dagaa. Tulipofika kilo mia sita tukaacha kupima.

Hatukutoa taarifa kwa mtu yeyote. Tulichimba shimo, tukamwaga chokaa, tukafukia. Ndoo mbili zilipotea kabla hazijafika shimoni, na sipendi kufikiri zilienda soko gani. Kwenye faili, karatasi ya ukaguzi bado inasema: hali ya maji, nzuri.

Wala mkaguzi hakudanganya. Saa nne na nusu asubuhi maji yalikuwa mazuri kweli.

Wataalamu mnayajua haya kuliko mimi, lakini barua hii ni ya wazi na wenzangu wataisoma. Mchana, ule mwani mdogo unaoyafanya maji yawe ya kijani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku hautengenezi, bali nao unavuta, samaki wanavuta, na vijidudu vinavyoozesha mabaki ya chakula na kinyesi chini ya kizimba vinavuta kuliko wote. Oksijeni inashuka usiku kucha na hufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Sato anataka miligramu nne au tano kwa lita ili ale na akue. Ikishuka chini ya mbili anaacha kula na kuanza kuhangaika. Ikikaa chini ya moja kwa saa kadhaa, ndiyo yale matumbo meupe. Baada ya msiba wetu kijana mmoja aliyesoma uvuvi alituazima kipima oksijeni kwa siku nne. Siku ya kwanza, kizimba kilekile, kina kilekile: saa sita mchana, 7.1. Saa kumi na moja alfajiri, 1.6. Ukaguzi wenu wote umekaa kwenye ile 7.1.

Kuna na lile la ziwa lenyewe. Miezi ya kusi, kati ya Mei na Agosti, upepo unayachanganya maji ya juu na ya chini. Baada ya hapo, karibu kuanzia Septemba, maji ya juu yanapata joto na kukaa kama kifuniko, na ya chini yanabaki humo bila hewa. Upepo mkali ukipiga vibaya, yale ya chini yanasukumwa hadi kwenye ghuba, nasi ndio tuliopo ghubani. Novemba 2022 upande wa Kisumu samaki wa vizimba walikufa kwa wingi wa kutisha, na watafiti wa huko walitaja upungufu wa oksijeni. Maji ni yaleyale. Ziwa hili Tanzania tuna asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6, lakini upepo hausomi mipaka.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo hadi linachekesha: badilisheni saa. Ukaguzi mmoja wa alfajiri una thamani kuliko kumi za saa nne. Na kama kulala Sengerema ni shida ya posho, basi kila ghuba yenye vizimba iwekewe kipimo kinachojirekodi chenyewe usiku na mchana, kifungwe kwenye boya, na namba zake zije kwenye simu zetu pamoja na zenu. Kipimo hakilali, hakili sato wa kukaanga, na hakiwezi kuandikiwa daftari usiku mmoja.

La pili ni chini ya kizimba, na hapa naomba mnivumilie.

Hesabu hii nimeipiga mwenyewe kwa namba za kwenye mfuko wa chakula. Kupata tani moja ya sato, mfugaji wa kawaida anamwaga kama tani moja na nusu hadi tani moja na robo tatu ya chakula cha kuelea. Tuchukue 1.6. Chakula hicho kikiwa na fosforasi asilimia 1.2, umemwaga kilo 19. Samaki wenyewe, fosforasi ni kama asilimia 0.8 ya mwili wao, kwa hiyo tani yao moja inatoka na kilo nane. Kilo 11 zimebaki ziwani. Ni mbolea hiyo, waheshimiwa, ni kama mtu kaja na DAP akaimwaga ghubani, kwa kila tani moja ya sato mnayoisifia kwenye maonyesho ya Nane Nane. Sehemu inayeyuka na kulisha mwani, sehemu inatua chini na kugeuka tope.

Tope hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Kwenye fomu niliyoiona kuna nafasi ya rangi ya nyavu na nafasi ya idadi ya jaketi okozi. Ya tope haipo.

Norwei, wanakofuga samoni kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani, chini ya vizimba kunakaguliwa kwa utaratibu maalumu. Wanashusha kijiko cha chuma, wanaleta tope juu, wanalitazama rangi, wanapima unene wake, wanaangalia kama linatoa mapovu ya gesi na kama bado lina minyoo na wadudu wadogo. Kisha wanalinusa. Kweli kabisa, harufu ina alama yake kwenye fomu ya ukaguzi. Tope likinuka yai viza, limekufa. Eneo linapewa alama kuanzia moja hadi nne, na kadiri alama inavyokuwa mbaya ndivyo ukaguzi unavyokuwa wa mara kwa mara, hadi mfugaji anaambiwa ondoa, pumzisha sehemu hiyo. Sisemi Norwei ni peponi, maana samoni wao wanatoroka na chawa wa baharini bado wanawasumbua. Nasema kunusa tope hakuhitaji maabara. Kijana wetu alikuwa ameshalinusa na kuliandika kwenye daftari lake.

Na ile diski ya Secchi, sahani nyeusi na nyeupe inayoshushwa kwa kamba mpaka isionekane, aliibuni padri wa Kiitaliano mwaka 1865. Fundi wa hapa Sengerema anaikata kwa bati mchana mmoja. Uwazi wa maji kwenye ghuba yetu si jambo la urembo. Ni ghuba hii hii ambayo watafiti waliikuta na aina zisizohesabika za furu, wale samaki wadogo wa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba majike wa furu huchagua madume kwa rangi, na maji yakiwa na ukungu hawazioni rangi, wanachanganyika, aina zinapotea. Sangara aliwala wengi, na maji machafu yakaja kuwafifisha waliobaki. Kuna watu walioijua ghuba yetu kwa kina kiasi hicho, halafu mwaka huu tunapimwa kwa kipimajoto.

Hapa najua mtaniuliza: mbona unajishitaki? Vizimba ndivyo vilivyolichafua ziwa? Hapana. Sehemu kubwa ya uchafu inatoka nchi kavu, mashambani, mijini, hata angani na vumbi na moshi, na ilianza kabla mimi sijazaliwa. Mtu akitaka kutubebesha gugu maji lote la Kanda ya Ziwa nitabishana naye hadi jua lizame. Lakini mtu anayefuga ndani ya maji hayo ana sababu kuliko wote ya kujua anaongeza nini, kwa sababu wa kwanza kukosa hewa ni samaki wake.

La tatu linahusu vibali. Kila mmoja wetu amepimwa peke yake. Mwombaji wa kwanza aliandika tathmini kwamba vizimba vyake vinne havitaathiri ghuba, na ni kweli. Wa pili akaandika hivyohivyo, kweli tena. Wa ishirini naye ameandika hivyohivyo (nina hakika wengine walinakili kutoka kwa mwandishi mmoja, maana hata makosa ya herufi yanafanana). Ghuba ni moja. Hakuna karatasi inayosema ghuba hii kwa ujumla wake inabeba tani ngapi, na nani akifika mwisho aambiwe pamejaa. Na tangu Januari 2024, Rais Samia alipokuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya mkopo usio na riba, waombaji wanaongezeka, na mimi nafurahi, maana mkopo ule umewatoa wengi kwenye kukodi nyavu za matajiri. Ila idadi ya vizimba mnaitangaza kila mara, na idadi ambayo maji yanaweza kuibeba sijaisikia hata mara moja.

Chile walifika huko. Walijaza mashamba ya samoni yakakaribiana mno, na mwaka 2007 kirusi cha ISA, ugonjwa wa samoni, kikaingia kikapita shamba hadi shamba. Uzalishaji wao wa samoni wa Atlantiki uliporomoka na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Baada ya hapo ndipo walipogawa bahari kwa mitaa, mashamba ya mtaa mmoja yakawa yanapanda pamoja, yanavuna pamoja na kupumzika pamoja. Sisi tunaweza kuanza na mitaa kabla ya msiba. Ghuba yetu tayari ni mtaa, tunachoshindwa ni kukaa kikao.

La nne ndilo ninalolitaka kuliko yote. Namba zitoke nje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira, na nimewahi kwenda ofisi moja kuomba matokeo ya vipimo vya maji vilivyochukuliwa mita thelathini kutoka kizimbani kwangu. Nikaambiwa ni ya ndani. Ya ndani ya wapi? Ya ndani ya maji yangu. Kule Norwei kila mfugaji anahesabu chawa kwenye samoni wake kila wiki, anatuma hesabu, na hesabu ya kila shamba iko wazi kwenye intaneti, jirani anaiona, mvuvi anaiona, mwandishi wa habari anaiona. Tangu 2017 pwani yao imegawanywa maeneo 13 yanayopewa rangi kama taa za barabarani: eneo la kijani linaruhusiwa kuongeza uzalishaji asilimia 6, jekundu linaweza kuamriwa kupunguza asilimia 6. Hapo mfugaji haogopi mkaguzi peke yake. Anamwogopa jirani, kwa sababu uzembe wa jirani utampunguzia na yeye.

Sisi hatuhitaji intaneti ya kifahari. Ubao wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, pale mwaloni, unapobandikwa ushuru wa samaki na majina ya wanaodaiwa, unatosha. Bandikeni: kizimba fulani, alfajiri ya tarehe fulani, oksijeni kiasi fulani, tope alama fulani. Wiki mbili tu na wazee wa mwaloni watakuwa wanaisoma kama wanavyosoma msimamo wa ligi, na ole wake mwenye alama nne.

Sasa nirudi kwenye lile shimo la chokaa. Kwa nini hatukutoa taarifa? Kwa sababu tulijua atakayekuja atauliza kwanza vizimba vya tano na sita vimetoka wapi, na faini ingekuja kabla ya kipimo. Mliuweka mtego huo bila kukusudia: anayesema anaadhibiwa, anayefukia anapigiwa vema. Na maji ni ya wote. Ingekuwa ni ugonjwa, je? Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba dalili za kirusi cha sato, kile kinachoitwa TiLV, zimeonekana kwenye samaki wa ziwa hili, upande wa Tanzania na Uganda. Mwishoni mwa mwaka huohuo kule Ghana, Ziwa Volta, kirusi kingine kiliwafagia sato wa vizimba wakawa wanaelea kwa tani. Nikifukia kimyakimya samaki waliokufa kwa ugonjwa, jirani yangu atakuja kuazima nyavu zangu kesho, na vifaranga vya wiki ijayo vitapita kwenye ndoo zilezile. Tengenezeni utaratibu: anayetoa taarifa ya vifo ndani ya saa 24, asichukuliwe hatua kwa kile kitakachoonekana siku hiyo, apewe muda wa kurekebisha. Anayefukia na kugundulika, huyo mfungieni. Nami mkinikuta tena na shimo, nifungieni.

Mambo ya vibali na ada nitayapita haraka, maana yameshasemwa hadi kwenye ule mpango wenu wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI. Uvuvi wana sheria yao ya 2003 na kanuni za 2009, mazingira wana ya 2004, maji ya bonde wana ya 2009, halmashauri wana sheria ndogo zao. Sibishi hata moja. Ninachoomba ni boti moja. Njooni pamoja siku moja, mara mbili kwa mwaka, kuliko kuja mmojammoja mkiuliza faili lilelile. Na mafuta ya boti hiyo yasitoke mfukoni kwa anayekaguliwa. Tunapomnunulia mkaguzi mafuta, yeye anaona aibu kutukuta na kosa, na sisi tunaona tumeshalipia. Hakuna anayesema, lakini kila mtu botini analijua.

Nawaelewa pia. Afisa uvuvi wetu ni mmoja, mialo yake ni mingi, pikipiki yake ina mwezi haina tairi la nyuma. Mtu huyo ukimpa fomu ya kurasa nane atajaza za kwanza mbili. Mpunguzieni kurasa, mpeni kipima oksijeni na kijiko cha tope. Kazi ya kila siku tuachieni sisi: tufundisheni kupima, mtukague kwa kulinganisha vipimo vyetu na kile kipimo cha boya, na tofauti ikiwa kubwa ndipo mje juu. Vijana waliosoma uvuvi Nyegezi na hawana ajira wamejaa, na mmoja ndiye aliyetuazima kile kifaa.

Kwa upande wetu tumefanya haya. Vizimba vya tano na sita tumevivunja, mapipa yake yako uani kwangu, kuku wanalala juu yake. Tumepunguza chakula cha jioni, ili samaki wasiingie usiku na tumbo zito. Na daftari ni moja sasa, lile la kijana. Limeshaloa mara mbili na kurasa zake zimevimba hadi halifungi, lakini mtu akitaka kujua siku gani maji yalinuka, imo. Nakala ya kurasa za mwezi uliopita nimeiambatisha kwenye barua niliyoipeleka masijala, na nimegongewa muhuri wa kupokelewa.

Basi njooni. Zamu inabadilishwa saa kumi na moja kasoro robo, kijana atawapokea mwaloni na taa. Mafuta njooni nayo, lita tano zinatosha kwenda na kurudi. Vaeni sweta, saa hizo upepo wa ziwani unauma, na yeyote mwenye pua nzuri akae mbele ya boti, maana tutaanzia pale vilipokuwa vizimba vya tano na sita na kijiko cha tope tumeshachongesha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi,
Ghuba ya Mwanza, Sengerema